Tupeane uzoefu: mtoto akiumizwa na mambo ya simu, shule yenu ilifanya nini?

Mama wa Uyole, Mbeya
Habari za jioni ndugu zangu. Binti yangu yuko kidato cha pili, shule ya kutwa. Likizo ya Juni nilimwachia simu yangu ajisomee, kumbe darasa lao lina grupu la WhatsApp. Mwenzake akachukua picha yake ya kipaimara, ile aliyofumba jicho moja, akaigeuza stika. Kila akichangia neno, anajibiwa na stika hiyo. Mimi niliona tu mtoto hali chakula, na shule zilipofunguliwa kila asubuhi tumbo linamuuma. Nikampa dawa ya minyoo!

Aliyegundua ni mwalimu wake wa Hisabati. Aliona ameacha kunyoosha mkono, akamwambia mwalimu wa malezi na unasihi. Yule mama hakuanza na fimbo wala "nani kakupa simu?" Alikaa naye nje juani, wakachambua maharage ya jikoni mpaka mtoto alipoanza kusema mwenyewe. Baadaye tuliitwa wazazi wote, watoto wakaifuta stika mbele yetu. Mmoja alilia kuliko hata binti yangu.

Sasa anakula. Grupu bado hataki kulisikia, nami simlazimishi. Kwenu ilikuwaje?

Mwalimu, Mafinga
Kamwene dada. Mimi ni wa malezi, shule ya bweni ya wavulana. Simu kwetu hairuhusiwi, kwa hiyo tulidhani haya hayatuhusu. Wanarudi nayo moyoni kutoka likizo.

Mwaka jana patroni aliona kijana wa kidato cha tatu analala bila blanketi. Mafinga ya Julai mnaijua. Tulimuuliza mara tatu, mara zote akasema limepotea. Mara ya nne nilimpa chai, nikanyamaza. Kumbe aliliuza. Mtu aliyejifanya msichana mtandaoni alikuwa na picha zake, anamdai hela asizisambaze, naye Jumamosi akitoka anatuma kwa wakala.

Tulimwambia asitume tena hata shilingi, maana ukilipa wanaongeza dau. Ujumbe wote tuliutunza kama ushahidi, baba yake akaja, tukaenda polisi Dawati la Jinsia na Watoto. Makosa ya mtandaoni yana sheria yake tangu 2015, na mtoto hapo ndiye aliyekosewa, aambiwe hivyo waziwazi.

Tulipokosea ni hapa: mwenzetu mmoja aliligusia paredi, bila jina. Bweni zima likajua. Kijana alinyamaza wiki mbili, tukaanza upya. Walimu wenzangu, nawasihi, siri ya mtoto isifike paredi.

Baba, Njombe
Mimi nilivunja simu. Binti yangu hakuniambia jambo lolote la moyoni mwaka mzima. Leo ndiyo naelewa.

Kijana, Iringa mjini
Shikamooni wakubwa. Mimi nilikuwa mtoto wa namna hiyo. Akaunti isiyo na jina ilikuwa inaposti sura za wanafunzi na kuwapangia nani mbaya zaidi, nami nikawekwa wa mwisho. Nilimweleza mwalimu, akasema "achana nayo, ni mambo ya simu tu." Mimi nilikuwa naogopa hata kupita mstarini.

Usiku mmoja nilichukua kiswaswadu cha bibi nikapiga 116, ile ya huduma kwa watoto. Ni bure, hata bila salio. Dada aliyepokea hakunihukumu. Aliniuliza shuleni ni mtu mzima gani ninayemwamini, nikamtaja mpishi. Basi nikaanzia kwa mpishi, yeye akanishika mkono hadi kwa mkuu wa shule. Akaunti iliripotiwa ikafungwa. Shule zibandike hiyo namba kwenye mlango wa choo, huko ndiko tulikuwa tunalilia.

Mama wa Uyole, Mbeya
Asante mwanangu, marahaba. Kesho naipeleka hiyo ya choo kwenye kamati ya wazazi. Mwalimu wa Mafinga, yule kijana alipata blanketi?

Mwalimu, Mafinga
Alipata dada. Patroni alimpa lake usiku uleule. Baba yake alipokuja alileta mawili, moja la patroni.