Naomba ushauri: mbio za baiskeli uwanjani wakati wa mvua

Ndugu wanachama, nimerejea Nairobi juzi kutoka mashindano ya ng'ambo, ambako uwanja ulikuwa wa saruji na hauna paa, hivyo kila manyunyu yalipoanza tuliamriwa kushuka, tukabaki tukitazama kona zikikaushwa kwa mifagio na matambara. Baiskeli yangu, kama zote za mbio hizi, haina breki na pedali zake huzunguka daima pamoja na gurudumu. Jumapili tairi la nyuma liliteleza kwenye mstari wa rangi, nikachubuka nyonga. Naomba mnishauri: nipunguze upepo wa matairi kiasi gani uwanja ukiwa na unyevu, na misuli niipashe vipi joto tena baada ya kungoja saa mbili? Masika haya nafanyia mazoezi sebuleni, juu ya rola (mitungi inayozunguka chini ya magurudumu, baiskeli ikibaki palepale), ingawa jirani wa chini ameshaanza kulalamika.