Gorila analindwa kwa bunduki, korongo na samaki nkejje wanaisha hivi hivi. Nimechoka!

Jamani wana Uganda leo nina hasira na sitazunguka. Kinamasi cha huku kwetu mashariki kimechimbwa mifereji, maji yametolewa yote, mpunga umepandwa mpaka ukingoni mwa mto, na aliyefanya hivyo ana karatasi yenye muhuri. Tukaenda kulalamika kwa wahusika, tunaulizwa "kwani humo kuna mnyama gani?"

Mnyama gani!! Korongo, yule ndege wa kwenye bendera, ambaye timu yetu ya taifa inacheza kwa jina lake, anataga humo humo kwenye nyasi za kinamasi, mayai mawili matatu basi, na tangu 2012 yuko kwenye orodha ya dunia ya walio hatarini kutoweka. Sasa atataga wapi?

Kinachoniuma ni kwamba nchi hii mnyama asiyeleta dola hahesabiki. Gorila wa msitu wa Bwindi mgeni analipa dola 800 kukaa naye saa moja, kwa hiyo gorila ana askari, ana daktari, anahesabiwa mmoja mmoja, na sipingi hata kidogo, wanaongezeka, maana yake tukitaka tunaweza. Lakini nkejje alililiwa na nani? Ziwa Victoria lilikuwa na aina kama 500 za wale samaki wadogo, nyingi hazipo kwingine popote duniani, miaka ya 1950 mputa, yaani sangara, akamwagwa humo, kufika miaka ya 1980 ameshajaa ziwa zima na inakadiriwa aina 200 hivi zimepotea. Na siyo mputa peke yake, maji taka ya miji na udongo wa mashamba vimechafua ziwa, na jike la nkejje anamchagua dume kwa rangi, maji yakiwa machafu haoni vizuri, anazaa na dume wa aina nyingine na zile aina mbili zinageuka moja. Yaani aina inapotea bila hata samaki kuvuliwa! Nani alituambia hayo shuleni?

Halafu wakubwa wakibanwa wanasema tabianchi, tabianchi. Tabianchi ipo ndiyo, lakini ripoti ya 2019 ya IPBES, lile jopo la kimataifa la wanasayansi wa bioanuwai, ilishasema wazi, nchi kavu sababu ya kwanza ya viumbe kupotea ni sisi kubadilisha matumizi ya ardhi. Misitu yetu ilikuwa asilimia 24 ya nchi mwaka 1990, kufika 2015 imebaki kama 9. Msitu wa Bugoma umeingia miwa, visiwa vya Kalangala michikichi ya mafuta. Na sisi tuko kwenye ikweta, ambako viumbe ni wengi kuliko kule kwenye baridi, kanchi kadogo haka kana aina zaidi ya 1,000 za ndege, karibu nusu ya ndege wote wa Afrika, kwa hiyo eka moja ikifyekwa hapa hasara yake siyo sawa na eka ya Ulaya.

Msiniletee ile ya "wananchi wanataka chakula". Wananchi ndio sisi, na visima vyetu vya bondeni vimekauka tangu mifereji ichimbwe.

Msitu wa Mabira ulipotaka kukatwa kwa ajili ya miwa 2007 watu walitoka barabarani, wengine wakafa, miwa ikasimamishwa. Anayejua namna ya kupeleka kesi ya kinamasi mahakamani bila wakili wa mamilioni aandike hapa, na kama una picha za kinamasi chenu kabla hakijakaushwa ziweke, maana hawa wanasema palikuwa pakavu siku zote.