Tupeane uzoefu: kampuni mama inafungua kampuni tanzu, kazi inahamia huko, wewe unaambiwa uombe upya

Mwewe wa Nansio (mleta mada)

Wakuu, habari za jioni. Uzi huu ni wa waliowahi kufanya kazi kwenye ndege, viwanjani, au kokote ambako mwajiri alianzisha kampuni ya pili pembeni, akahamishia kazi huko, halafu akawaambia wa zamani: mkitaka, ombeni. Marubani ndio wanaosikika zaidi kwa sababu wao wakikaa chini ndege haziruki, lakini jambo lenyewe ni pana.

Naanza na langu. Julai 2022 nilikuwa napakia mizigo uwanja wa ndege wa Arlanda, Stockholm. Tarehe 4 mwezi ule marubani wa SAS, shirika la ndege la Skandinavia, wa Sweden, Norway na Denmark, karibu 1,000, waliweka kazi chini. Korona ilipoingia, kampuni ilipunguza wafanyakazi, na marubani 560 wakawa miongoni mwa walioachishwa. Kwa utaratibu wa kule, aliyepunguzwa kwa sababu kazi imekosekana anategemea kuitwa kwanza kazi ikirudi. Na kazi ilirudi. Ila ilirudi kupitia SAS Link na SAS Connect, kampuni tanzu mbili, na wale waliopunguzwa wakatakiwa wapeleke maombi huko kama watu wapya, kwa masharti ya chini. Mtu kairushia kampuni ndege miaka nenda rudi, leo anaulizwa ana uzoefu gani.

Sasa kilichonifungua macho ni hiki. Mgomo uliihusu kampuni mama tu. Ndege za Link na Connect ziliendelea kuruka. Kwa hiyo sisi wa chini tulikuwa tunahudumia ndege yenye rangi zile zile mkiani, mabegi yenye tagi zile zile, abiria aliyekata tiketi kwenye tovuti ile ile, huku geti la jirani likiwa kimya kwa sababu rubani wake yuko nje ya jengo na sare yake, kashika bango. Pale ndipo nilipoona kampuni tanzu ina kazi gani siku ya mgomo. Watu wanadhani ni suala la mshahara mdogo tu. La hasha. Mwajiri anakuwa na ndege ambazo mgomo wako haugusi, na akikaa mezani na wewe anajua hilo, na wewe unajua kuwa anajua.

Siku ya pili tu ya mgomo kampuni ikaomba kinga dhidi ya wadai wake katika mahakama ya Marekani. Mazungumzo yakaenda hadi tarehe 19. Marubani walichopata ni ahadi kwamba wenzao 450 watarudishwa kampuni mama. Walichotoa ni kikubwa pia: mkataba wa miaka mitano na nusu, saa nyingi zaidi kazini, na sehemu ya maslahi yao. Yaani waliokuwa na kazi walikubali kupungukiwa ili waliokuwa nyumbani warudi. Hilo naliheshimu kuliko jambo lolote nililoliona katika kazi ile.

Karibuni. Kampuni zenu msizitaje majina kama bado mnakula huko.

Chuma cha Kigamboni

Naweka kambi hapa.

Kiti cha Kulia

Mkuu Mwewe, umegusa penyewe. Mimi ni rubani, nchi siitaji, ni hapa hapa Afrika. Kampuni kubwa ilianzisha tanzu ya nauli nafuu. Tuliitwa kwenye chumba cha mafunzo, pale pale tunapofanyia masomo ya usalama ya kila mwaka, tukakuta karatasi mbili mezani kwa kila mtu: moja ya kujiuzulu kampuni mama, nyingine ya kuajiriwa tanzu. Sisi marubani wasaidizi tuliokuwa tunasubiri ukapteni bila mwisho tuliahidiwa kwamba huko zamu itafika haraka. Nikasaini. Karibu rika langu lote walisaini.

Kwa wasiojua kazi yetu: rubani anaishi kwa orodha ya nani aliingia kwanza. Likizo ya Desemba, kituo utakachokaa na familia, aina ya ndege, siku ya kupandishwa ukapteni, na nani atangulie kutoka kazi ikipungua, vyote vinatoka kwenye orodha hiyo. Ukienda tanzu unaanza mkiani. Ukitaka kurudi kampuni mama unaanza mkiani tena. Ndiyo maana rubani hahami ovyo kama fundi au mhasibu, na mwajiri anajua.

Basi la kutuchukua alfajiri lilibaki lile lile. Wenzetu wa kampuni mama walikaa mbele, sisi nyuma, na hakuna aliyetupanga hivyo. Tukilala nje ya kituo, hoteli moja, kifungua kinywa kimoja, ila posho yao inazidi yetu. Mambo madogo madogo haya ndiyo yanayowatenganisha watu kabla hata mgogoro haujafika.

Kisha wao wakatangaza mgomo. Usiku ule tukaletewa ratiba mpya kwa ujumbe wa simu: safari zao kadhaa tuzibebe sisi. Kamati yetu ilikuwa changa, wengi hata hawajamaliza muda wa majaribio. Mgogoro kisheria haukuwa wetu, kwa hiyo kugoma tusingeweza. Tulichokubaliana ni kwamba safari zetu za kawaida tutarusha kama kawaida. Lakini safari za ziada zilikuwa zinaangukia siku zetu za mapumziko, na hakuna kifungu kinachomlazimisha rubani kuuza siku yake ya mapumziko. Kila aliyepigiwa simu alijibu jibu lile lile kwa adabu: asante, kesho napumzika.

Ofisi ilipiga simu mpaka ikachoka. Yaliyofuata nitayaeleza, acha wengine nao waseme.

Mlipa Nauli

Samahani wakuu, mimi natofautiana nanyi. Rubani ni mtu wa mshahara mnono. Akigoma anayeumia ni mama aliyeuza ng'ombe ampeleke mwanawe India kwa matibabu. Na hizi kampuni tanzu mnazozilaumu ndizo zilizotupandisha ndege sisi wengine. Jambojet ilipoanza Aprili 2014, tanzu ya Kenya Airways, ndipo ndugu zangu wengi walipoacha basi la usiku la Nairobi–Mombasa. Mnataka turudi barabarani?

Mwewe wa Nansio (mleta mada)

Mkuu Mlipa Nauli, hoja yako ni ya haki na hakuna anayepinga nauli nafuu. Angalia Ufaransa. Septemba 2014 marubani wa Air France waligoma wiki mbili kwa sababu ya Transavia, tanzu ya nauli nafuu iliyokuwa ipanuliwe. Hawakudai ifungwe. Walidai mkataba mmoja kwa kila rubani wa kundi lile anayerusha ndege ya viti zaidi ya 100. Kampuni ikaacha mpango wa kufungua Transavia katika nchi nyingine za Ulaya, lakini mkataba mmoja marubani hawakuupata, wakarudi kazini bila makubaliano. Nauli ya chini inaweza kutoka kwenye ndege inayoruka mara nyingi kwa siku, viti vingi, chakula cha kununua. Siyo lazima itoke mfukoni mwa anayeirusha.

Na kwa hilo la Kenya, marubani wa Kenya Airways walipogoma tarehe 5 Novemba 2022, dai kubwa likiwa michango ya akiba yao ya uzeeni, Jambojet iliendelea kuruka. Mahakama ndiyo iliyowarudisha kazini tarehe 9. Mfumo ni ule ule niliouona Arlanda.

Binti wa Malindi, Unguja

Assalam alaykum. Kaka Mwewe, umeitaja Ufaransa ukaishia nusu. Mimi ni mhudumu wa ndege, naishi Lyon, kampuni siitaji. Desemba 2017 Air France walianzisha tanzu nyengine, Joon. Marubani wake walikuwa wa Air France kwa masharti ya Air France, kwa sababu chama chao kina nguvu. Wahudumu je? Waliajiriwa wapya, kwa malipo ya chini. Ndege moja, safari moja, nyuma ya mlango wa marubani mkataba mmoja, huku kwenye troli mkataba mwengine. Ilidumu mpaka 2019 kampuni ilipoifunga na kuwaingiza wahudumu wale Air France.

Nami nimepitia yangu. Marubani waligoma, sisi tukapewa likizo bila malipo. Wao walikuwa na mfuko wa mgomo, sisi hatuna. Walipopata walichotaka walirudi wakicheka, tukaendelea kuwapelekea chai. Hakuna hata mmoja aliyeuliza tumelipaje kodi ya nyumba mwezi ule. Kwa hiyo mnaposema mshikamano, naomba nijue unaanzia kiti gani na unaishia kiti gani.

Mtu wa Cincinnati

Dada, swali lako ni zito na hata marubani wenyewe kwa wenyewe limewashinda. Nilikuja huku Ohio kusoma, na 2001 nilimkuta jirani yangu ni rubani wa Comair, tanzu ya Delta, shirika kubwa la ndege la Marekani, kituo chake kikiwa uwanja wa ndege wa hapa, upande wa Kentucky ng'ambo ya mto. Tarehe 26 Machi mwaka ule waligoma, na mgomo ukaenda siku 89. Rubani msaidizi wa ndege ndogo za mikoani wakati ule alikuwa analipwa kidogo mno. Jirani yangu alikuwa na leseni, suti, na kazi ya pili ya kuuza vifaa vya bustani wikiendi.

Walipata nyongeza. Lakini kipo kisa watu hawakisemi. Marubani wa Delta na wa Comair walikuwa chama kimoja, ALPA. Wale wa kampuni kubwa walikuwa na kifungu kwenye mkataba wao kinachowekea tanzu mipaka: ndege za ukubwa gani na ngapi. Kwao ni ngao. Kwa wa Comair ni dari. Kundi la marubani wa Comair likakishtaki chama chao wenyewe mahakamani, likisema chama kinawalinda wakubwa kwa gharama ya wadogo. Fikiria hiyo, watu wanaolipa ada chama kimoja. Kesi ilichukua miaka. Baadaye Delta ikawa inagawa kazi ile kwa kampuni nyingine za mikoani, na Septemba 2012 Comair ikafungwa kabisa. Ngao haikumwokoa wa chini, na kazi haikurudi juu yote.

Mpwani Dubai

Huku vyama vya wafanyakazi haviruhusiwi. Tunasoma tu.

Katibu wa Tawi

Vijana, nimewasoma wote. Nimekuwa kwenye vyama vya wafanyakazi Tanzania maisha yangu yote ya kazi, si vya ndege, lakini semina zangu hazikosi mifano ya marubani.

Kwanza, sheria. Kenya, sheria ya mahusiano ya kazi ya 2007 inakataza mgomo wa kuunga mkono wenzio wa mwajiri mwingine. Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inauruhusu kwa masharti: taarifa ya siku 14, na pawepo uhusiano kati ya waajiri hao wawili unaoweza kumbana mwenye mgogoro. Kampuni mama na tanzu yake zina uhusiano gani kama si huo? Kifungu kipo na hakitumiki. Kisomeni kabla hamjakihitaji.

Pili, msidhani wa Ulaya wana njia nyeupe. 2008 British Airways walianzisha OpenSkies, tanzu ya kuruka kati ya bara la Ulaya na New York. Marubani walipiga kura, asilimia 86 wakaunga mkono mgomo. Haukufanyika. Kampuni ilisema mgomo ungevunja haki yake, chini ya sheria ya Umoja wa Ulaya, ya kufungua biashara nchi nyingine mwanachama, na kwamba ingedai fidia. Chama kikaona fidia hiyo ingekifilisi, kikarudi nyuma. Kura 86 kwa 100 na bado mikono imefungwa. Wataalamu wa Shirika la Kazi Duniani walikuja kueleza wasiwasi wao mkubwa, lakini ndege zilikuwa zimesharuka.

Tatu, Mtu wa Cincinnati, nakuongezea la United, shirika la ndege la huko Marekani, 1985. Kampuni ilitaka marubani wapya walipwe kwa ngazi ya chini ya peke yao. Ikajiandaa kwa mgomo kwa kufundisha marubani wapya 570, ili wa zamani wakitoka hawa waingie. Hawakuwa na uhakika wa chochote na ngazi ya chini ilikuwa inawahusu wao. Wa zamani waliwafuata mapema, mmoja mmoja, wakawaeleza. Mgomo ulipoanza tarehe 17 Mei, karibu wote 570 walikataa kuvuka mstari wa wagomaji kuingia kazini. Mgomo ulikwisha baada ya siku 29, na kampuni ikawanyima kazi. Ikabidi wapiganie mahakamani hadi wakaipata. Nawauliza wanasemina wangu kila mara: ninyi mngefuatwa na nani mapema?

Mwewe wa Nansio (mleta mada)

Shikamoo Katibu. Hilo la kuwafuata mapema nimelichukua. Kiti cha Kulia, tumalizie mkuu, ilikuwaje baada ya simu?

Kiti cha Kulia

Wenzetu waliona safari zao hazikubebwa, na wakajua kwa nini. Mgomo ulipokwisha, viongozi wao walikuja kukaa nasi, mara ya kwanza tangu tuhamishwe. Ilikuwa nyumbani kwa kapteni mmoja, sebuleni, na orodha mbili zimechapwa mezani, yao na yetu. Tulibishana hadi usiku wa manane kuhusu jina la nani likae juu ya la nani. Wapo waliotoka nje kwa hasira wakarudi. Wa kwao walikuwa na hofu ya haki kabisa: tukiingizwa kwa tarehe zetu za kwanza, kuna waliosubiri ukapteni ambao wangesogezwa chini.

Tulipofika ni hapa: walikataa kusaini mkataba wao mpya wa hali bora mpaka uwe na kifungu kwamba kampuni tanzu ikipunguzwa, marubani wake waingie kampuni mama kabla ya kuajiriwa mtu wa nje. Hatukupata tarehe zetu za zamani. Tuliwekwa chini ya wa mwisho wao, kwa mpangilio wetu wenyewe. Mimi niliridhika, wapo wenzangu ambao mpaka leo hawaongei na kamati.

Binti wa Malindi, Unguja

Na wahudumu wa tanzu yenu, kaka?

Kiti cha Kulia

Hapana dada, hawamo. Tulipowaambia wenzetu wa kampuni mama, jibu lilikuwa kwamba wahudumu wana chama chao kingine. Ni kweli wanacho, lakini nacho hakina kifungu kama chetu na mkataba wao unajadiliwa upya mwakani. Kamati yetu imekubali kuwapa nakala ya kifungu chetu na mtu wa kukaa nao kwenye maandalizi. La kuwaahidi kwamba hatutasaini letu bila lao, kura imepigwa na limeshindwa. Nitalirudisha kwenye mkutano ujao. Kama una mfano wa huko Ufaransa wa namna wahudumu wa Joon walivyoingizwa, hasa walivyohesabiwa miaka yao, nitumie.

Binti wa Malindi, Unguja

Nitawauliza wenzangu wa kule nikuletee hapa hapa.