Asilimia 57.7: walishinda au walishindwa?

Mleta mada

Wakuu, heshima kwenu. Kuna kura ya maoni ambayo kila nikiikumbuka naona kuna watu walidhulumiwa. Kama nimekosea, nisahihisheni.

Tarehe 17 Mei 2005 wapiga kura wa mkoa wa British Columbia, Kanada, waliulizwa kama wabadili namna ya kuchagua wabunge wa mkoa wao. Asilimia 57.7 walisema ndiyo. Kati ya majimbo 79 ya uchaguzi, ndiyo iliongoza katika 77. Na mfumo haukubadilika! Serikali ilikuwa imeweka masharti mawili: ndiyo ishinde katika majimbo yasiyopungua 48, na mkoa mzima ifike asilimia 60. Sharti la kwanza lilivukwa kwa mbali, la pili likakosekana kwa pointi mbili na ushee.

Mfumo wenyewe ni ule wa anayeongoza jimboni kuchukua kiti, hata kama wengi hawakumpigia. Mwaka 1996 chama cha Liberal kilipata karibu asilimia 42 ya kura na mpinzani wake NDP (New Democratic Party) asilimia 39, lakini NDP ndiyo iliyounda serikali, kwa viti 39 kati ya 75. Mwaka 2001 kibao kikageuka: Liberal, kwa asilimia 58 hivi, ikazoa viti 77 kati ya 79. Chama cha Kijani kilipata zaidi ya asilimia 12 na hakikuambulia hata kiti kimoja.

Gordon Campbell, kiongozi wa Liberal aliyeonja uchungu wa 1996, aliahidi wananchi wenyewe watafute dawa, na hapa nampa haki yake, alitimiza. Wakaokotwa kwa bahati nasibu watu 160: mwanamume na mwanamke kutoka kila jimbo, na wawili wa jamii za wenyeji asilia. Mwaka 2004 walisoma mifumo ya dunia, wakazunguka kusikiliza watu, kisha kwa kura 146 dhidi ya 7 wakapendekeza kura inayohamishika. Unawapanga wagombea kwa namba, jimbo moja kubwa linatoa wabunge kadhaa, na mgombea wako akishapata kura za kutosha au akitolewa, kura yako inahamia kwa anayefuata.

Sasa niambieni: serikali iingie kwa asilimia 39 ya kura, halafu kuubadili mfumo ulioiingiza kudai asilimia 60?

Mchangiaji wa pili

Mkuu, unalinganisha vitu viwili tofauti. Serikali mbovu unaing'oa uchaguzi ujao. Mfumo wa uchaguzi ukishaota mizizi, walioingia kwa mfumo huo ndio watakaoulinda, kama wewe mwenyewe unavyolalamika. Hata vyama vya kuweka na kukopa havibadili kanuni zake kwa wingi mwembamba. Na masharti yalitangazwa kabla ya kura, hakuna goli lililohamishwa.

Halafu umeruka mwaka 2009 makusudi. Waliulizwa tena kuhusu mfumo uleule, safari hii ramani ikiwa mezani: majimbo 20 makubwa ya kutoa wabunge 85. Ndiyo ikaporomoka hadi asilimia 39. Hiyo 57.7 unayoililia ilikuwa ya watu ambao hawakuwa wameona ramani.

Mleta mada

Hapo umenikamata, sikatai. Ramani ilileta swali ambalo wanaharakati wa ndiyo hawakulijibu vizuri: mbunge wangu ni yupi, na yuko umbali gani? Kwa mtu wa kaskazini mwa mkoa ule, penye watu wachache na ardhi isiyoisha, hilo si swali dogo.

Mchangiaji wa tatu

Wote wawili mnagombana na kizingiti, wakati 2018 kilishushwa. Nusu ya kura na moja juu ingetosha, watu wakapiga kwa posta, na bado asilimia 61.3 wakachagua kubaki na mfumo wa zamani. Kisa? Karatasi ilikuwa na maswali mawili, na la pili lilileta mifumo mitatu ya uwiano (viti vya chama vifuatane na sehemu yake ya kura), miwili kati yake haijawahi kutumika popote. Mpiga debe wa ndiyo alilazimika kufundisha hesabu. Wa hapana alihitaji sentensi moja tu: kama hujaelewa, kataa.

Na kuvuka nusu nako hakutoshi. Prince Edward Island, mkoa mwingine wa Kanada, mwaka 2016, mfumo wa mchanganyiko (wabunge wa majimbo pamoja na viti vya uwiano) ulipata asilimia 52.4 baada ya kura kuhamishwa. Serikali ikasema waliojitokeza ni wachache, ikaahirisha. 2019 wakapiga tena, hapana ikashinda kwa tofauti ndogo.

Mleta mada

Basi nalinyoosha swali. Wale 160 waliaminiwa kubuni mfumo mzima wa uchaguzi. Kwa nini hawakuaminiwa kupanga na kizingiti? Kiliwekwa na wabunge waliokalia viti 77 kati ya 79. Mchangiaji wa pili, nitetee hilo peke yake: kwa nini 60 na si 55?