Salfa ya mikorosho: usalama wake upitiwe upya, au tumekosa la kusema?

Mwana Masasi
Wakuu habarini. Mwaka 2025 waziri wa kilimo wa Kenya, Mutahi Kagwe, alitangaza kuondoa sokoni makumi ya viuatilifu, na vingine vikawekwa kwenye foleni ya kuchunguzwa upya. Sisi tuna TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu, iliyozaliwa na Sheria ya Afya ya Mimea ya 2020 ikarithi kazi za TPRI, taasisi ya utafiti wa viuatilifu pale Arusha. Swali langu ni hili: salfa ya unga tunayopulizia mikorosho dhidi ya ubwiri unga, ule ugonjwa wa kuvu unaofunika majani na maua kwa unga mweupe, tumeikuta tangu enzi za wazee. Haijafika wakati serikali ikaipitia upya? Naongelea anayebeba mashine na anayelala jirani na shamba, maana kwetu nyumba na mikorosho havina mpaka. Wakipuliza alfajiri, watoto wanaamkia vumbi la njano. Tujadili kwa hoja, matusi tuyaache nyumbani.

Kipara Ngoto
Yangu nimeyaacha nyumbani, ila ukigusa salfa yatanifuata yenyewe.

Mwana Masasi
Nimesema ipigwe marufuku? Soma tena.

Kipara Ngoto
Mapitio ndiyo marufuku inavyoanza. Leo kamati, kesho semina, keshokutwa msimu umefika na dawa hakuna.

Mkemia Mstaafu
Tuwekane sawa. Salfa si dawa ya juzi. Wazungu waliipulizia mizabibu yao tangu karne ya 19 kwa ugonjwa wa jamii hiyohiyo, na mpaka leo Ulaya inaruhusiwa hata kwenye kilimo hai. Ukiimeza kidogo haikuui. Inachofanya ni kuwasha macho, ngozi na kifua, na hilo limeandikwa kwenye mfuko, kama kuna anayesoma mifuko.

Msimu wa 1973/74 nchi hii ilitoa tani zipatazo 145,000 za korosho. Katikati ya miaka ya 1980 tukawa chini ya tani 20,000. Watu walihamishiwa vijiji vya ujamaa wakaacha mashamba nyuma, bei ikawa ya kukatisha tamaa, na ubwiri unga ukaja kumalizia. Waliotutoa hapo ni watafiti wa kituo cha kilimo cha Naliendele, Mtwara, na salfa yao: robo kilo kwa mti, kila baada ya wiki mbili, umande ukiwa bado kwenye majani. Msimu wa 2024/25 tumevuka tani 500,000. Anayetaka kuigusa salfa aje kwanza na jibu la ubwiri.

Babu wa Lyamungu
Mkemia umenena. Sisi huku Kilimanjaro ugonjwa wa chulebuni ulipotuingilia kwenye kahawa tulinunua dawa ya kopa kwa hela zetu tukapuliza. Ndugu zetu wa kusini mnaletewa salfa bure, dawa ya maji bure, na bado mnanung'unika. Ya bure mnataka ije na cheti cha daktari?

Kijana wa Tandahimba
BURE???

Babu shikamoo, lakini leo tutakoseana adabu. Ushuru wa korosho ghafi inayouzwa nje unatoka kwenye jasho la nani? Asilimia 65 ya ule ushuru ilikuwa irudi kwenye zao lenyewe, kwenye pembejeo na utafiti. Mwaka 2018 Bunge likabadilisha sheria, zote zikaenda Hazina. Wabunge wa kusini walipiga kelele mpaka sauti zikawakauka. Leo tukirudishiwa mfuko wa salfa wa hela yetu wenyewe, unatuita ombaomba?

Babu wa Lyamungu
Marahaba. Neno ombaomba umelileta wewe.

Kijana wa Tandahimba
Umelileta kwa mlango wa nyuma. Na mbolea ya ruzuku tangu 2022 hamkuichukua huko mlimani? Mliirudisha dukani?

Shemeji wa Kibosho
Kahawa imeisomesha nchi hii nyie mkiwa mnapika pombe ya nipa.

Kipara Ngoto
Naaam! Sasa imenoga. Wenye bisi sogeeni.

Bi Mwanahawa
Nyie wanaume mmeulizwa habari ya salfa mnahesabiana ruzuku. Mimi niwaeleze, maana ninaishi nayo. Mume wangu anapulizia mashamba ya watu kwa malipo ya mti. Anatoka saa kumi usiku, mashine mgongoni, kanga yangu kaifunga puani. Barakoa ziligawiwa siku moja kwenye mafunzo, tukapigwa picha nazo, basi. Jua likitoka jasho linakutana na ule unga. Shingoni, makwapani na kwenye mapaja ngozi inawaka kama kapakwa pilipili. Usiku macho hayafumbi, yanachuruzika. Nguo nafua peke yake na harufu haitoki. Hata pete yake ya fedha kila msimu inageuka nyeusi. Sasa kama salfa ni salama kwa kuwa ipo kwenye kilimo hai cha Ulaya, huyo mzungu naye anapuliza na kanga?

Shemeji wa Kibosho
Mama pole, ila fedha haigeuki nyeusi. Mliuziwa bati.

Mkemia Mstaafu
Kinyume chake. Fedha halisi ndiyo inayoshikwa na salfa ikawa nyeusi. Bati lisingehangaika. Bwana huyo kanunua pete ya kweli.

Shemeji wa Kibosho
Dhahabu je?

Mkemia Mstaafu
Dhahabu haishikwi.

Kipara Ngoto
Bi Mwanahawa mwambie mzee msimu huu ahamie dhahabu.

Bi Mwanahawa
Nimeandika macho na ngozi, mmeona pete.

Mkazi wa Houston
Wakuu, huku niliko mambo haya hayaendi kwa mazoea kama nyie huko. Mifano miwili. Watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley walichapisha 2017 utafiti wa mamia ya watoto wa wafanyakazi wa mashambani bonde la Salinas. Walikuwa na miaka saba. Waliokaa karibu na mashamba yanayopulizwa salfa, umbali wa kilomita moja au chini ya hapo, mapafu yalionekana na nguvu ndogo na dalili za pumu zilikuwa nyingi zaidi. Ni salfa hiihii ya kilimo hai.

Pili, mwaka 2021 EPA, mamlaka yao ya mazingira, iliruhusu streptomaisini, dawa ileile ya hospitali, ipulizwe kwenye michungwa na ndimu kwa ugonjwa unaoua michungwa ya Florida. Vyama vya wafanyakazi wa mashambani na watu wa mazingira wakaenda mahakamani. Desemba 2023 mahakama ya rufani ikafuta kibali, kwa sababu mamlaka haikufanya tathmini yake sawasawa. Yaani hata mapitio yenyewe yanapitiwa.

Kijana wa Tandahimba
"Nyie huko." Umeondoka lini wewe? Korosho za kula kwenye ndege alikufungia nani?

Mkazi wa Houston
Mkuu nimeleta utafiti.

Kijana wa Tandahimba
Umeleta dharau, utafiti umeukalia nyuma kama abiria.

Mwana Masasi
Jamani huo utafiti wa Salinas ndio moyo wa mada. Kilomita moja! Kijijini kwetu ukihesabu kilomita moja kutoka shamba lolote umeingia shamba la mwingine. Tuachane na Houston, tujibu hilo.

Mkemia Mstaafu
Nalijibu. Utafiti wa aina ile unaonyesha vitu viwili vinakwenda pamoja, hauthibitishi kimoja kimeleta kingine. Halafu sisi tunapuliza kati ya Juni na Agosti au Septemba, wakati wa maua. Si mwaka mzima.

Bi Mwanahawa
Mtoto anapumua mwaka mzima.

Afisa Ugani wa Zamani
Nimesoma kimya, niongeze la udongo ambalo hamjaligusa. Salfa inayodondoka chini hailali tu. Bakteria wanaigeuza kuwa tindikali, na udongo wetu wa kichanga hauna nguvu ya kuistahimili. Majule na wenzake waliliandika hili miaka ya 1990 kwa mashamba ya kusini. Mkorosho unavumilia, lakini anayepanda kunde na mahindi chini yake anavuna majani ya njano anailaumu mbegu. Chokaa ingesaidia. Niambieni nani kwenye AMCOS yenu, chama chenu cha ushirika, amewahi kuona gari la chokaa.

Kwa hiyo naunga mkono mapitio, ila yasiwe ya makaratasi. Kiuatilifu kinasajiliwa kwa namna kinavyotakiwa kutumika: barakoa, miwani, glovu, upepo ukiwa umetulia, usivute sigara maana ule unga unashika moto. Hakuna anayekaa alfajiri pale shambani akaandika kinatumikaje kweli. Unga ukiupuliza juu ya mti wa mita kumi unakwenda unakotaka. Zipo salfa za kuchanganya na maji, zipo dawa za maji kama heksakonazoli. Zinapeperuka kidogo kuliko vumbi.

Kipara Ngoto
Na maji utayabeba wewe? Newala maji tunayapandisha kutoka bondeni, ya kunywa tu ni kesi. Kila mkorosho unywe ndoo, sisi tunywe nini? Unga hauhitaji maji, ndiyo maana tunaupenda. Mnapitishia vitu ofisini bila kuuliza kisima kiko wapi.

Afisa Ugani wa Zamani
Hilo la maji ni kweli na ndilo linalokwamisha. Nimelisikia kila nilikofanya kazi. Ndiyo nasema mapitio yaanzie huko.

Msomi wa Mkuranga
Huku Pwani salfa haisaidii kitu wakuu. Mikorosho inakauka tawi moja moja mpaka mti wote unakufa. Tumepuliza mpaka tumechoka. Iondoeni tu.

Afisa Ugani wa Zamani
Huo ni mnyauko mkuu, wa kuvu ya fuzari, unaingilia mizizini. Ulionekana hukohuko kwenu Magawa mwaka 2012. Salfa ni ya majani na maua. Ukiupuliza mnyauko kwa salfa umeupa poda tu. Ng'oa mti uliougua, uchome, na usihamishe udongo wala jembe chafu kwenda shamba jingine.

Msomi wa Mkuranga
Aliyeniuzia dukani alisema inatibu yote.

Kijana wa Tandahimba
Haya, hapo ndipo penye ugonjwa! Wauza dawa. Serikali ikiwa na muda wa kupitia kitu ipitie maduka. Kuna unga tumepuliza msimu mzima ubwiri ukawa unatucheka. Mfuko mzuri, nembo nzuri, ndani sijui ni unga wa nini. Na ile halisi inafika maua yameshaungua. Mkague salfa feki na salfa chelewa, hii ya kweli iacheni.

Babu wa Lyamungu
Kijana, hapo nakuunga mkono. Hata kopa huku siku hizi ukiikoroga inabaki mchanga chini ya ndoo.

Kijana wa Tandahimba
Shikamoo tena babu. Ya ruzuku sijasahau lakini.

Shemeji wa Kibosho
Ila mkubali, korosho ikipata bei mnanunua pikipiki nne nyumba moja.

Kijana wa Tandahimba
Na nyie mnajenga nyumba mnayolala Desemba tu. Kila mtu na ugonjwa wake.

Mwana Masasi
Nafunga hesabu kwa upande wangu. Hakuna hata mmoja aliyejibu kama salfa ipitiwe au isipitiwe, ukimtoa Afisa Ugani na mama aliyesemwa kwa pete. Mkemia, swali la mwisho: ungekubali wajukuu zako walale nyumba iliyo katikati ya shamba Julai nzima?

Mkemia Mstaafu
Ningewahamishia kwa shangazi yao mjini mpaka maua yafunge.

Bi Mwanahawa
Asiye na shangazi mjini?

Mkemia Mstaafu
Afunge madirisha, na wapulizaji waanze upande wa mbali na nyumba upepo ukiwa unakwenda porini. Na nakubali hilo liandikwe kwenye masharti ya usajili, liwe sharti lenye adhabu. Lakini neno mapitio bado linanitisha. Nilikuwepo miaka ya 1980, mikorosho ilikuwa myeupe kama imemwagiwa unga wa sembe na watu wanaikata wachome mkaa. Hamjui mnachokiomba.

Bi Mwanahawa
Naomba barakoa inayokaa zaidi ya picha moja. Hiyo nayo inahitaji miaka ya 1980?

Kipara Ngoto
Tukiwa hapahapa: nani ana mashine nzima ya kupulizia maeneo ya Nanyamba? Yangu imekufa kabureta. Nalipa kwa mti, na barakoa nanunua mimi, Bi Mwanahawa asinisome vibaya.

Bi Mwanahawa
Mti shilingi ngapi?

Kipara Ngoto
Njoo pembeni tuongee, hapa kuna watu wa Kilimanjaro.