Ikolojia ya maji baridi: LWM, Ubelgiji, PhD Marekani au kubaki hapa? Na baada ya PhD, MSCA au Humboldt?

Furu_Mweusi:
Wakuu, naomba tulinganishe. Shahada ya kwanza ni sayansi za majini na uvuvi, na ninachotaka ni ikolojia ya maziwa, si ufugaji wa samaki. Mezani kuna LWM (Limnology and Wetland Management, ile kozi ya uzamili ya pamoja ya BOKU Vienna, Egerton ya Kenya na IHE Delft ya Uholanzi), Oceans & Lakes (uzamili wa pamoja wa vyuo vya Brussels, Ghent na Antwerp, Ubelgiji), kuruka moja kwa moja kwenye PhD Marekani, au kusoma hapa hapa kwa ufadhili wa ndani ya Afrika wa DAAD, lile shirika la Ujerumani. Walio na PhD tayari nao watusaidie upande wa MSCA (ufadhili wa Umoja wa Ulaya kwa watafiti) na Humboldt (wakfu wa Ujerumani).

MtoNjoro:
Kwa maziwa na ardhi oevu, LWM ndiyo inayokulenga. Kampasi ya Egerton, Njoro, iko kando ya mto unaomwaga Ziwa Nakuru, na Naivasha si mbali, kwa hiyo ziwa la magadi na la maji baridi yote mawili unayafikia bila safari kubwa. Ubaya wake ni muda. Kozi ni miezi 18, na ukishatoa masomo ya darasani, utafiti haubaki na nafasi ya kuona masika na vuli zote mbili. Ukienda na swali la "mabadiliko ya fitoplanktoni (vimea vidogo vinavyoelea majini) kwa misimu" umejifunga mwenyewe. Swali ligeuze liwe la mahali: vituo 10 au 12 kutoka juu ya mto hadi mlangoni mwa ziwa, ziara chache, basi.

Oceans & Lakes ni miaka miwili, krediti 120, muda unatosha zaidi. Ila bahari ndiyo iliyojaa humo. Anayetaka maziwa achague masomo yake na msimamizi mapema, la sivyo atajikuta anahesabu minyoo ya Bahari ya Kaskazini. VLIR-UOS, shirika la vyuo vikuu vya Flanders, hufadhili nafasi chache tu kwa mwaka, na kuna tofauti kati ya kukubaliwa na chuo na kupata ufadhili. Wengi hupata la kwanza wakadhani wamepata yote.

Kigoma_1470:
Kwa Marekani si lazima uwe na uzamili kwanza. Unaweza kuingia PhD na shahada ya kwanza, ukalipwa kama msaidizi wa utafiti au wa kufundisha. Tofauti ya hivyo viwili ni kubwa: msaidizi wa utafiti analipwa na fedha za mradi wa profesa, kwa hiyo mada ni ya mradi. Mradi ukiwa wa mwani wenye sumu Ziwa Erie, utafanya Erie, hata kama roho iko Tanganyika. Zipo maabara zenye historia na maziwa yetu, mfano Large Lakes Observatory ya Duluth, lakini hata huko muulize kama fedha za Afrika zipo *sasa*.

Kabla hujasaini uliza: mshahara ni wa miezi 9 au 12? Msamaha wa ada unahusu na zile ada ndogondogo za chuo? Bima ya afya nani analipa? Miezi mitatu ya kiangazi bila mshahara ndiyo inayowaumiza wengi, na ndiyo hiyo hiyo ya kwenda uwandani.

Ukipitia Fulbright (ufadhili wa serikali ya Marekani), jua kuna sharti la kurudi nyumbani miaka miwili. Anayetaka kubaki huko kwa kazi ya muda mrefu baada ya PhD hapo ameshakwama.

Furu_Mweusi:
Shukrani mkuu. Imeili ya kwanza kwa profesa iweje?

Kigoma_1470:
Aya tatu fupi. Ya kwanza: makala yake ipi umeisoma na swali gani limebaki wazi. Ya pili: unachoweza kufanya kwa mikono, yaani kutambua zooplanktoni (vijidudu vinavyoelea majini) hadi jenasi, kupima klorofili, kuandika R (programu ya takwimu). Ya tatu: "Je, una nafasi yenye fedha mwaka ujao?" Usianze na "nahitaji skolashipu".

Bi_Plankton:
Mnaizungumzia Ulaya kana kwamba boti iko huko. Boti za utafiti ziko kwenye taasisi za uvuvi za hapa: TAFIRI Mwanza na Kigoma, KMFRI Kisumu na NaFIRRI Jinja. Njia ya nyumbani ina nguvu kama msimamizi wa pili anatoka taasisi mojawapo ya hizo. DAAD wanaangalia shahada yako ya mwisho isizidi miaka 6, kwa hiyo usikae kazini ukingoja.

Udhaifu wa hapa ni vifaa. Uliza urefu wa kebo ya kipima oksijeni kabla ya kuandika pendekezo. Kebo ya mita 30 inakufaa ghuba za Victoria, ambalo kina chake hakizidi mita 80 na kidogo. Tanganyika oksijeni huisha kati ya mita 100 na 200 hivi kutegemea upande wa ziwa, kwa hiyo kwa kebo hiyo hiyo utachora mstari ulionyooka na mtahini atacheka.

Na friza. Vichujio vya klorofili hukunjwa, hufungwa kwenye foili, hukaa gizani kwa nyuzi -20. Umeme ukikatika vikayeyuka, klorofili inaoza na tarakimu zinashuka, na huwezi kujua baadaye kama ni ziwa au ni TANESCO.

HatiKwanza:
Kwa walio na PhD. MSCA Postdoctoral inakuajiri kwa mkataba. Humboldt inakupa posho. Humboldt hupokea maombi mwaka mzima, na ngazi ya wachanga inataka PhD isiyozidi miaka 4. MSCA ina tarehe moja ya mwisho kwa mwaka, kwa kawaida Septemba.

Mtego wa MSCA ni kanuni ya kuhama: ndani ya miezi 36 kabla ya tarehe hiyo, usiwe umekaa zaidi ya miezi 12 nchi unayoomba kwenda. Waliosoma PhD nusu huku nusu Ubelgiji wahesabu vizuri. Hesabu ya Ubelgiji ikikataa, andika na taasisi za maji baridi kama IGB Berlin au Eawag Uswisi, huko hesabu inaanza upya.

Raha ya MSCA ambayo watu hawaitumii: theluthi moja ya muda unaweza kuwa kwenye taasisi nyingine popote duniani. Kwa miezi 24 hiyo ni miezi 8 Kisumu au Kigoma, ukiwa na mshahara wa Ulaya. Iandike kwenye pendekezo tangu mwanzo.

MtoNjoro:
Kwenye hiyo miezi 8 kata muda wa vibali vya utafiti: COSTECH Tanzania, NACOSTI Kenya, UNCST Uganda, halafu ruhusa ya kutoa sampuli nje. Maabara za Ulaya zinabanwa na Itifaki ya Nagoya (mkataba wa kutumia rasilimali za kijenetiki kwa ridhaa ya nchi zilikotoka), DNA isiyo na karatasi hawaipokei.

Bi_Plankton:
Na ethanoli ya kuhifadhia sampuli ni mzigo hatari kwa ndege. Chini ya kipengele A180 cha IATA (chama cha mashirika ya ndege) kimiminika kisizidi mililita 30 kwa kila chombo cha ndani, na lita 1 kwa boksi zima, vichupa vikiwa ndani ya mfuko wa plastiki uliozibwa kwa joto. Wadudu wa mtoni wabadilishie ethanoli baada ya saa 24, maana maji ya miili yao huizimua. Kisha siku ya kusafiri mwaga iliyozidi, bakiza ya kuwalowesha tu. Formalini usiiguse kama kuna DNA.