Wakuu, tonamenti za blekijeki na poka kasino zinalipa kweli au ni kupoteza muda?

Mluguru wa Nevada (mleta uzi)

Habari zenu wakuu, naombeni ushauri hasa mlioko huku Marekani na yeyote anayezijua hizi karata kiundani. Mimi nipo Las Vegas, naendesha gari la abiria, kuna kasino moja ya mtaani kwetu huwa tunaenda kula na wife wikiendi na mimi nikishakula nakaa kaa kidogo meza ya blekijeki, wakanifungulia kadi ya uanachama, sasa juzi nimepata barua kwamba nimealikwa tonamenti ya blekijeki bure, hakuna kiingilio, watu mia moja, zawadi zote kwa pamoja dola 5,000. Hapo hapo wana tonamenti ya poka kila Jumatano jioni kiingilio dola 150, kwenye karatasi yao wameandika 120 + 30. Madereva wenzangu wananiambia achana na blekijeki, hela iko kwenye poka.

Nyumbani Moro nimekua nacheza albastini tu na lasti kadi. Nina dola 600 nimezitenga, sio za kodi ya nyumba wala sio za kumtumia mama, ni za kwangu. Maswali yangu, kati ya hizo mbili ipi ina maana? Na mtu akikomaa nayo inaweza kuwa kazi ya pembeni? Naomba majibu ya kweli, msinifiche.

Dada Dila

Mkuu umeuliza vizuri. Mimi nimekua dila miaka mingi, nilianzia Dar nikaja kumalizia huku, kugawa karata za blekijeki ndo kumesomesha wanangu, kwa hiyo nakujibu upande huo, wa poka watakuja wenyewe.

Cha kwanza ujue blekijeki ya tonamenti na ile ya kila siku ni michezo miwili tofauti. Ile ya kila siku unapambana na dila, nani atakaribia 21 bila kuizidi, na ukicheza kwa kufuata jedwali la msingi, lile linalokuambia lini uongeze karata lini utulie, kwenye meza yenye sheria nzuri faida ya kasino inashuka mpaka kama nusu ya asilimia. Ni ndogo ila haichoki, inakula kila mgao. Mwaka 1962 mwanahisabati mmoja anaitwa Edward Thorp alionyesha hadharani kwamba mtu akihesabu karata zilizotoka anaweza kuigeuza hiyo faida ikawa yake, na toka hapo kasino nazo zikajipanga, pakiti zikawa nyingi kwenye boksi moja, wanachanganya mapema, na hapa Nevada wakishakuhisi unahesabu wanakusimamisha kucheza na sheria inawaruhusu. Kwa hiyo kazi ya pembeni kwa njia hiyo ondoa kichwani.

Kwenye tonamenti dila sio adui yako. Wote mnapewa chipu sawa, vile vidude vya kuwekea dau, ila hizi hazina thamani ya hela, mnacheza idadi ya migao iliyopangwa, tuseme 25, mwenye chipu nyingi pale mezani anasonga mbele. Unaweza ukapoteza nusu ya chipu zako na ukapita kwa sababu wenzio wamepoteza zaidi. Adui ni jirani yako wa kulia na wa kushoto, na watu wengi wanaoalikwa hawalijui hilo, nimewaona wanacheza vile vile kama siku zote, dau lile lile kila mgao mpaka kwenye mgao wa mwisho wanatolewa.

Sasa thamani yake. Watu 100, zawadi 5,000, na hujalipa kitu, maana yake kiti chako kwa wastani kina thamani ya dola 50, na ukijiandaa kidogo kuliko wenzio inapanda. Hakuna mchezo mwingine kwenye lile jengo unaoanza na faida upande wako. LAKINI ndugu yangu jiulize kwa nini wanakupa bure. Raundi ya kwanza saa sita, ya pili saa tisa, hapo katikati utakaa wapi? Utakaa meza ya blekijeki ya dola 15. Na nenda kaangalie maandishi yaliyochapwa kwenye kitambaa cha ile meza, kama imeandikwa 6 kwa 5 badala ya 3 kwa 2 basi ukipata blekijeki, yaani 21 kwa karata mbili za kwanza, kwa dau la dola 10 unalipwa 12 wakati zamani ulikua unalipwa 15, na hiyo peke yake inapandisha faida ya kasino mpaka karibu asilimia 2. Piga hesabu, dau 15 kwa migao 70 kwa saa ni dola 1,050 zinazopita mezani, asilimia 2 yake ni dola 21 kila saa. Masaa mawili ya kusubiri ni 42. Kiti chako cha dola 50 karibu chote kimeliwa, na hapo bado hujampa dila bakshishi. Nenda kacheze, kati ya raundi toka nje, kaendeshe gari lako au rudi kwa wife, ndo utakua umepata kitu cha bure kweli.

Mpiga Mkwara 254

Niaje kaka. Mimi niko Nairobi, poka nimecheza muda, za kasino za hapa na za mtandaoni, na nimefika Vegas wakati wa msimu wao wa kiangazi. Nikwambie ukweli, poka ndio mchezo wa kasino wenye mtu anaweza kuwa mzuri na ubora wake uonekane, juu huchezi dhidi ya nyumba, yaani kasino, mnacheza nyinyi kwa nyinyi na nyumba inachukua ada yake. Hao madereva wenzako hawajakosea hapo. Lakini hiyo 120 + 30 ndio iko na shida kubwa.

Angalia. Unatoa 150, kwenye chungu cha zawadi inaingia 120 peke yake, ile 30 ni ada ya nyumba. Yaani ili urudishe tu hela yako, usipate faida usipate hasara, lazima uwe bora kuliko mchezaji wa kawaida wa pale kwa asilimia 25. Si rahisi hata kwa mtu amesoma huu mchezo miaka. Tonamenti zikiwa na kiingilio kikubwa ada huwa sehemu ndogo zaidi ya hela, hizi ndogo za jioni ndio zinakamuliwa sana na ndizo watu wa kawaida wanacheza.

Halafu uliza blaindi, yale madau ya lazima kabla ya karata kugawiwa, zinapanda kila dakika ngapi. Kama ni dakika 15 au 20, masaa mawili matatu ya kwanza yakiisha kila mtu mezani amebaki na chipu kidogo ukilinganisha na blaindi, hapo hakuna tena poka ya kufikiri, hakuna kumsoma mtu, hakuna kupiga mkwara wa maana, ni kutia zote au kutupa karata. Ubora wako haupati nafasi ya kufanya kazi, bahati inabeba.

Na hizi dola 600 ni viingilio vinne. Tuseme uko sawa, unafika kwenye zawadi asilimia 15 ya mara unazocheza. Uwezekano wa kucheza nne mfululizo na usilipwe hata senti ni zaidi ya nusu, asilimia 52 hivi. Na hapo hujakosea kitu, ndivyo tonamenti zilivyo, hela imelundikwa juu, anayemaliza wa kwanza anabeba sehemu kubwa na wengi wanaolipwa wanapata kidogo zaidi ya kiingilio. Wachezaji makini wanaoishi kwa tonamenti wanataka angalau viingilio mia kwenye mtaji, kwa 150 hiyo ni dola 15,000. Sa kazi ya pembeni na mia sita, hapana kaka, si kukukatisha tamaa.

Watu wengi wanavutwa na stori ya Chris Moneymaker, mhasibu wa Tennessee, 2003 aliingia mashindano makuu ya World Series of Poker kwa kushinda satelaiti, yaani tonamenti ndogo ya kufuzu, ya bei ndogo mtandaoni, kiingilio cha kawaida ni dola 10,000, akatoka na milioni 2.5. Ni kweli kabisa ilitokea. Lakini mwaka huo walikuwa wachezaji 839. 2023 walikuwa 10,043 na mshindi Daniel Weinman alichukua milioni 12.1. Hesabu wale elfu kumi wengine. Mimi napenda huu mchezo kuliko michezo yote, nawaheshimu wanaoucheza vizuri, na ndio maana sitaki uingie ukidhani ni rahisi.

Kama unataka kujifunza, cheza kwanza za senti na marafiki au uanze na meza ya keshi ndogo kabisa, ile chipu ni hela yenyewe, pale unaweza kusimama ukaondoka saa yoyote, blaindi hazipandi, na siku ukichoka unaenda nyumbani na chipu zilizobaki.

Abuu Swaleh wa Mvita

Assalaam alaykum. Ndugu yangu sikuhukumu, sijui dini yako, lakini kama wewe ni Muislamu mwenzangu basi swali lako limejibiwa kabla ya hesabu zote hizi, Suratul Maida aya ya 90 imetaja kamari pamoja na ulevi. Na hiyo ya bure usidhani imesalimika, kwa alivyoeleza dada hapo juu nayo ni mlango wa kukuingiza kwenye ile ya kulipa. Nakuombea kheri kwenye kazi yako ya gari.

Mluguru wa Nevada

Waalaykum salaam mzee wangu, mimi Mkristo ila nimekupokea kwa heshima. Dada Dila nimeenda kuangalia kitambaa kweli, 6 kwa 5 meza zote za chini, za 3 kwa 2 wanataka dola 25, sikuwahi kuangalia. Poka blaindi dakika 20. Nauliza pia upande wa kodi na makaratasi, nina kadi ya kijani, ile ya ukazi wa kudumu, na mwakani naomba uraia, je hii kitu inaweza kuniharibia?

Mama Ritani

Hapo nijibu mimi maana ndo kazi yangu kuwajazia watu ritani, zile fomu za kodi za kila mwaka. Ushindi wa kamari Marekani ni kipato, unaandika wote hata kama kasino hawajakupa fomu. Hasara unaweza kuitoa lakini haiwezi kuzidi ulichoshinda, na lazima uwe unaorodhesha makato yako moja moja, madereva wengi ninaowajazia wanachukua kato la kawaida, lile la mkupuo lisilohitaji orodha, kwa hiyo hasara zao hazihesabiki kabisa. Na kuanzia mwaka wa kodi 2026 hata anayeorodhesha anaruhusiwa asilimia 90 tu ya hasara. Yaani mtu akishinda 10,000 na kupoteza 10,000 mwaka huo huo, bado anadaiwa kodi kwenye 1,000 ambayo hana. Kwa hiyo andika kila kitu kwenye daftari, tarehe, mchezo, umetoa ngapi, umerudi na ngapi, risiti za viingilio tunza.

Uraia, kucheza kwenye kasino yenye leseni sio kosa. Sheria ya uhamiaji inapozungumzia tabia njema inamtaja mtu ambaye kipato chake kikubwa kinatokana na kamari haramu, na aliyewahi kutiwa hatiani kwa makosa mawili au zaidi ya kamari. Kwa hiyo kasino ya mtaani kwenu haina neno, ila hizi poka za chumbani ambapo mwenye nyumba anakata ada kila chungu, usikanyage kabisa mpaka umeapa kiapo cha uraia, na ukishaapa pia usikanyage. Na kinachowaharibia watu zaidi ni kutoandika kipato kwenye ritani, hicho wanakiangalia sana.

Kijana wa Ilala

Mkuu mi sina utaalamu, naongezea moja tu. Hizo mia sita zitoe kwenye akaunti uziweke pembeni, na kadi ya benki uiache nyumbani siku hiyo. Shemeji yangu alikua anaenda na kiasi chake kizuri tu amekipanga, tatizo mashine ya kutolea hela iko hatua kumi kutoka mezani. Alipoona amezidiwa alijiandikisha mwenyewe kwenye orodha ya kujizuia, kasino wakawa hawamruhusu kuingia, nyumba ikapona. Mwambie na wife ukweli wote toka mwanzo.

Mluguru wa Nevada

Asanteni sana, kweli nimejifunza. Poka ya Jumatano naiacha, kama nitacheza basi ni ya senti na hawa madereva kwanza. Ya bure nitaenda na nitafanya kama dada alivyosema, nacheza raundi natoka nje. Wife ameshajua na kadi ya benki atabaki nayo yeye. Dada Dila naomba kitu kimoja, nijiandae vipi ule mgao wa mwisho manake umesema ndo watu wanapotolewa?

Dada Dila

Huo ndo mchezo wenyewe mdogo wangu, kaa vizuri nikueleze.

Kuna kisahani kinazunguka mezani, kinaonyesha nani anaanza kuweka dau. Kwenye mgao wa mwisho kuweka dau baada ya mwenzio ni mali. Ukifika migao mitano ya mwisho anza kuhesabu chipu za kila mtu, usione aibu, kila mtu anatakiwa kuzipanga zionekane.

Chukua mfano. Jirani ana 1,000, wewe una 900, anayepita ni mmoja. Yeye kaweka dau 200 kabla yako. Akishinda ana 1,200, akipoteza ana 800. Wewe una njia mbili. Ya juu, weka 305, mkishinda wote una 1,205 umempita kwa chipu tano, na akipoteza yeye wewe ukashinda umepita pia. Ya chini, weka dau dogo tu, mfano 50, mkipoteza wote unabaki na 850 yeye 800, umepita. Watu wanakimbilia ya juu kwa sababu wanawaza kushinda, lakini kwa blekijeki dila anashinda karibu nusu ya migao, mchezaji kama asilimia 43, inayobaki ni sare. Na wote mnapambana na karata zile zile za dila, akipata 20 mara nyingi anawameza wote, akipita 21 anawalipa wote ambao hawajapita, kwa hiyo matokeo yenu yanaenda pamoja mara nyingi. Kwenye mfano huu ya chini ndo nzuri, kwa sababu yeye akishapoteza, wewe umepita hata kama dau lako nalo limeliwa.

Ila angekua ameweka dau dogo, tuseme 50, ya chini imekufa maana akipoteza bado ana 950, hapo huna budi kwenda juu, na ikifika hapo sahau jedwali la msingi, unaweza ukadabo, yaani ukazidisha dau mara mbili, hata una 18 mkononi kama ndo njia pekee ya kumfikia. Watu watakushangaa, waache washangae.

Fanya mazoezi na wife jikoni, tumieni maharage kama chipu, chezeni migao mitano mitano ya mwisho tu. Siku yenyewe fika mapema beba kitambulisho na ile barua, kiti hakihamishwi kwa mtu mwingine na ukichelewa chipu zako zinaweza kuanza kuliwa au wanakufuta kabisa, waulize sheria yao wakati wa kujiandikisha. Uliza pia dau la juu kabisa ni ngapi na sare ya chipu inaamuliwaje, maana mfano wangu wa 305 hauna kazi kama dau la juu ni 300.